Mwongozo kamili: kutengeneza bapa la kuongozea linalohimili mchanga katika uchimbaji wa mlalo

Bapa la kuongozea hufungwa kwenye pua ya mtambo wa kuchimba kwa mlalo, ule unaopitisha bomba la maji au nyaya za intaneti chini ya barabara bila kuifukua. Ukilisukuma bila kulizungusha, uso wake wa mshazari unaegemea udongo na pua nzima inakengeuka. Ukilisukuma huku linazunguka, linakwenda moja kwa moja. Usukani wote uko hapo, kwa hiyo umbo la bapa likiharibika, opareta hana tena cha kushika.

Makosa yanayojirudia ni mawili. Kwanza, bapa linakatwa kwenye chuma chochote kilichopo karakana, na linalika lote likiwa bado katikati ya barabara. Pili, na hili ndilo linalokula fedha zaidi, fundi akiambiwa "lifanye gumu" analipaka rodi ngumu za kuchomelea kila upande hadi linakuwa donge. Donge halikati, halitelezi, na likikutana na jiwe linapasuka. Ugumu unatakiwa pale mchanga unaposugua. Pale mapigo yanapopokelewa, chuma kibaki na uvumilivu wake.

Vipimo vya hapa ni vya hausingi yenye kipenyo cha mm 89, yaani ganda la chuma linalobeba sondi (kisambaza ishara kinachoiambia loketa, kipokezi kilicho juu ya ardhi, pua iko wapi). Kwa hausingi nyingine badilisha kwa uwiano. Na ieleweke mapema: bapa ni la udongo, mchanga, changarawe ndogo na matumbawe laini. Mwamba wa volkano ulio chini ya Nairobi au granaiti ya Dodoma unahitaji mota ya tope (inayozungushwa na msukumo wa tope la kuchimbia) na kichwa cha kusaga mwamba. Hakuna rodi itakayofanya bapa liipite miamba hiyo.

## Vifaa vinavyohitajika

- Bamba la feleji ya aloi EN19 (wengine huiita 4140): unene mm 20, upana mm 110, urefu mm 230. Lina uzito wa karibu kilo 4.
- Rodi za tabaka la kati aina ya 309L, mm 3.2.
- Rodi za kabidi ya kromiamu, mm 3.2, zenye ugumu wa HRC 57 hadi 62 (HRC ni kipimo cha ugumu cha Rockwell C).
- Vipande 4 vya kabidi ya tangsteni, mm 20 × 15 × 10, vyenye kobalti asilimia 10 hadi 12.
- Lehemu ya fedha isiyo na kadimiamu, yenye fedha karibu asilimia 49, pamoja na flaksi yake.
- Mtungi wa asetilini na wa oksijeni, na chaki za joto za nyuzi 250 na 350.
- Bolti za M16 daraja la 10.9, gundi ya bolti na spana ya torki.
- Grenda, drili ya meza, vernia, kipimapembe, brashi ya waya.
- Ndoo au pipa la majivu makavu, au chokaa kavu.
- Miwani, glavu za ngozi, na barakoa yenye chujio la moshi wa metali. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi wa kromiamu.

Kuhusu springi ya lori: karakana nyingi huikimbilia kwa sababu ni ngumu na inapatikana bure. Iache. Ina kaboni karibu asilimia 0.6, na ukiichomelea, ukanda ulio pembeni ya weldi unakuwa kama kioo. Bapa linaonekana zuri mezani, kisha linakatika kwenye mstari ule ule wa weldi likiwa mita 3 chini ya lami.

## Hatua ya 1: Soma bapa lililokufa

Kabla ya kukata chochote, osha bapa la zamani na ulilaze mezani kando ya mchoro wake, au kando ya jipya. Jinsi lilivyolika inakuambia ugumu uweke wapi.

Kona za mbele zimekuwa duara kama kidole gumba. Huo ni mchanga wa kwazi. Ugumu wa kwazi ni takriban 1000 hadi 1100 kwa kipimo cha Vickers, chuma cha kawaida hakifiki 200, na hata feleji ya HRC 60 iko karibu 700. Kwa hiyo mchanga wa pwani unakata chuma kama tupa. Chembe za kabidi ya kromiamu ziko karibu 1500, na hizo ndizo zinazokinza. Hapa unahitaji ngozi ngumu, yaani weldi ya rodi za kabidi ya kromiamu, na vipande vya kabidi ya tangsteni kwenye kona.

Ukingo wa mbele umemeguka, una mapengo. Hayo ni mapigo: mawe, matumbawe, kifusi cha barabara. Ukiongeza ugumu utaongeza mapengo. Punguza ngozi ngumu kwenye ukingo, ongeza unene wa chuma, na uchague kabidi yenye kobalti nyingi.

Vichwa vya bolti vimelika lakini uso ni mzima. Udongo unapita juu ya bolti bila kizuizi. Hatua ya 5 ina dawa yake.

Mikwaruzo mirefu upande mmoja tu wa hausingi. Shimo limekuwa jembamba kuliko inavyotakiwa. Bapa limepoteza upana, na hausingi inafanya kazi ambayo si yake.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuonyesha kwa chaki, juu ya bapa jipya, sehemu tatu zinazolika kwanza. Kama huwezi, usiwashe mashine ya kuchomelea.

## Hatua ya 2: Panga upana na mshazari

Mduara unaokatwa na bapa uzidi kipenyo cha hausingi kwa asilimia 20 hadi 30. Kwa hausingi ya mm 89, mduara wa mm 110 unaacha nafasi ya mm 10 hivi kila upande. Tope la kuchimbia, yaani maji yaliyochanganywa na bentonaiti (unga wa mfinyanzi unaovimba), linarudi kupitia nafasi hiyo, na ndiyo inayoipa hausingi uhuru wa kuinama inapogeuzwa. Ikiziba, mtambo unasukuma lakini pua haigeuki.

Mshazari unategemea udongo. Udongo laini hauna nguvu ya kuirudisha pua, kwa hiyo unahitaji uso mpana na pembe kubwa, hadi nyuzi 20. Udongo mgumu unataka bapa jembamba zaidi na nyuzi 10 hadi 12, la sivyo mashine itaishiwa nguvu ya kusukuma. Kwa udongo wa kati anza na nyuzi 15.

Kipimapembe hudanganya juu ya uso wenye kutu. Tumia rula: kwa kila mm 100 za urefu wa mhimili, uso uondoke kwenye mhimili kwa mm 18 ukitaka nyuzi 10, mm 27 kwa nyuzi 15, na mm 36 kwa nyuzi 20.

Hausingi nyingi huja na uso uliokatwa mshazari tayari, na bamba lililonyooka hufungwa juu yake. Hapo usikunje bamba. Pima tu mshazari uliopo, kisha chagua upana wa bapa ulingane na udongo.

## Hatua ya 3: Kata, toboa na weka kisigino

Kata bamba na uchonge ukingo wa mbele kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, lakini usiufanye kisu. Acha ncha bapa ya mm 5. Ncha kali haina nyama ya kubeba ngozi ngumu na inaungua mara rodi inapoigusa.

Nakili matundu kutoka kwenye hausingi yenyewe. Usiyanakili kutoka bapa la zamani, kwa kuwa matundu yake yamekwishatanuka. Kwa bolti ya M16 toboa mm 17.5.

Ukingo wa nyuma wa bapa lazima uegemee ngazi ya hausingi bila mwanya. Hicho ndicho kisigino. Nguvu ya kusukuma ipite kwenye kisigino, na bolti zishike tu. Ukiona bolti zinakatika moja baada ya nyingine, usikimbilie kununua za 12.9. Chunguza kisigino kwanza: kikiwa na mwanya wa hata mm 1, bolti ndizo zinazobeba mtambo mzima.

Usijaribu kuzamisha kichwa cha bolti ya aleni ya M16 ndani ya bamba la mm 20. Kichwa chake kina urefu wa mm 16, kwa hiyo kitabaki chuma cha mm 4 tu chini yake.

## Hatua ya 4: Pasha moto, kisha tabaka la kati

Funga bapa kwenye bamba nene la kazi, lisiwe hausingi halisi. Ngozi ngumu ikipoa hujikunyata na kulivuta bapa liwe kama kijiko. Njia nyingine nzuri ni kufunga mabapa mawili mgongo kwa mgongo na kuyachomelea kwa zamu.

Pasha bapa zima hadi nyuzi joto 250. Pitisha chaki upande wa pili wa pale moto ulipo. Ikiyeyuka huko, joto limepenya. EN19 ikichomelewa baridi hupasuka chini ya weldi saa kadhaa baadaye, wakati fundi amekwishaenda nyumbani.

Weka tabaka moja la rodi ya 309L mahali pote utakapoweka ngozi ngumu. Tabaka hili ni laini kwa makusudi. Ngozi ngumu lazima itapasuka nyufa ndogo, na bila kitu laini chini yake nyufa hizo zinaendelea moja kwa moja hadi ndani ya bamba.

Kati ya mstari mmoja na mwingine, joto lisizidi nyuzi 350. Likizidi, subiri. Haraka ya dakika kumi hapa inakula bapa zima.

Dalili ya mafanikio: weldi laini isiyo na vitundu, yenye unene wa mm 2 hadi 3, na ukigonga kwa nyundo ndogo sauti inalia, haikwarui kama chungu chenye ufa.

## Hatua ya 5: Weka ngozi ngumu

Anza na ampia 110 kwa rodi ya mm 3.2 na upande kidogo kidogo. Ampia nyingi zinayeyusha chuma cha chini na kukichanganya na ngozi, na ugumu unapotea. Tabaka la kwanza daima huchanganyika kiasi, kwa hiyo ugumu kamili huja kwenye tabaka la pili. La tatu usiliweke: linajibandua kama gamba, na likitoka huondoka na yale ya chini.

Mpangilio ni huu.

Kona mbili za mbele: tabaka mbili, kuanzia ukingoni kurudi nyuma mm 50, na upande wa pembeni pia. Kona ndizo zinazotunza upana wa shimo. Mtu akikuuliza aweke rodi wapi akiwa na tano tu, jibu ni kona.

Ukingo wa mbele: mistari miwili inayofuata ukingo kwa mchanga, mmoja tu kwa udongo wenye mawe.

Uso wa kuegemea: kwa mchanga, chora gridi ya mistari yenye nafasi ya mm 20 hivi. Mchanga unajishindilia ndani ya vyumba vya gridi, na tangu hapo mchanga unasuguana na mchanga. Kwa udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa tambarare za Nairobi na wa mbuga za Tanzania, usichore gridi kabisa. Mfinyanzi utaganda humo na bapa litageuka kuwa mpira wa udongo. Acha uso uwe laini, ukiusugua kwa grenda ikibidi.

Mbele ya bolti: jenga tuta lenye urefu sawa na kichwa cha bolti, upande udongo unakotoka. Acha nafasi ya soketi kuingia. Jaribu kwa soketi yenyewe kabla ya kuchomelea, kwani ukishaweka ngozi ngumu, drili haitaingia tena.

Matundu ya bolti na mm 15 za kuyazunguka: pasiwe na kitu. Hapo ndipo bapa linapopinda linapogonga, na chuma laini ndicho kinachovumilia kupinda.

Utasikia "tik, tik" weldi inapopoa, na utaona nyufa nyembamba zikikata mstari kila mm 10 hadi 20. Mafundi wengi huogopa na kuzijaza upya. Usizijaze. Kwa kabidi ya kromiamu ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa ngozi inajilegeza. Ufa wa kuogopa ni ule unaokwenda sambamba na mstari, kwenye mguu wa weldi. Huo ni wa kujibandua. Usage wote na uanze upya.

Mwisho, zika bapa ndani ya majivu makavu na uliache usiku kucha. Usilimwagie maji wala kuliweka kwenye sakafu ya saruji penye upepo.

## Hatua ya 6: Pachika kabidi ya tangsteni

Hatua hii huja baada ya uchomeleaji wote, kwa sababu lehemu ya fedha huyeyuka karibu na nyuzi 700 na joto la rodi lingeiyeyusha. Ukifanya kinyume, vipande vitadondoka kimoja kimoja.

Kwenye kila kona chonga vyumba viwili. Theluthi mbili za urefu wa kipande zizame, na nyuma yake kuwe na ukuta wa chuma. Kabidi inabeba mgandamizo vizuri mno lakini haivumilii kuvutwa wala kupindwa. Kipande kisicho na ukuta nyuma kitavunjika.

Mwanya kati ya kabidi na chumba uwe karibu mm 0.1. Ukiwa mkubwa, lehemu pekee ndiyo inabeba mzigo. Ukiwa mdogo mno, lehemu haiingii.

1. Sugua chumba na kipande mpaka ving'ae, kisha paka flaksi kote.
2. Elekeza moto kwenye chuma kinachozunguka, usiuelekeze kwenye kabidi. Kabidi hutanuka kwa karibu nusu ya feleji, na ukiichoma yenyewe inapasuka.
3. Flaksi ikishakuwa majimaji angavu kama kioo, gusisha lehemu. Iyeyuke kwa joto la chuma, isiyeyushwe na moto wa bomba.
4. Kisogeze kipande mbele na nyuma kidogo kwa koleo ili viputo vitoke, kikandamize, ondoa moto.
5. Rudisha kwenye majivu.

Lehemu za bei rahisi zenye kadimiamu bado ziko sokoni. Moshi wake unaharibu mapafu na unaweza kuua saa kadhaa baada ya kuuvuta, huku mtu akidhani ana mafua. Soma lebo. Kama haina lebo, usiinunue.

Mafanikio: mstari mwembamba wa lehemu unaonekana pande zote za kipande bila kukatika.

## Hatua ya 7: Linda hausingi bila kuua sondi

Toa sondi na betri zake kabla ya moto wowote, hata wa dakika moja. Weka mikanda miwili ya ngozi ngumu yenye unene usiozidi mm 3 kwenye sehemu ya nyuma ya hausingi, panapogusa ukuta wa shimo. Usikaribie zile nafasi ndefu zilizojazwa plastiki, kwa kuwa ishara ya sondi hutokea hapo. Ukizifunika kwa weldi, loketa itapoteza nguvu ya ishara na kipimo cha kina hakitaaminika.

## Hatua ya 8: Funga na ulinganishe saa

Kabla ya kugusa bapa lililo kwenye mtambo, zima mashine na ufunguo uwe mfukoni mwa mtu anayefunga bolti. Mtambo unaoweza kuzunguka mtu akiwa ameshika spana puani ni mtambo unaoweza kumuua.

Hakikisha uso wa kukaa wa bapa haujapinda zaidi ya mm 0.5. Safisha meno ya bolti, paka gundi, na kaza kwa zamu kama unavyokaza gurudumu hadi karibu Nm 280 kwa M16 ya 10.9.

Sasa linganisha. Weka pua chini, geuza bapa mpaka lielekee kupandisha, na usome loketa. Inapaswa kuonyesha 12. Ikionyesha 1 au 11, sondi haijakaa kwenye ufunguo wake, au matundu yako yamehama. Rekebisha hapo hapo au ingiza tofauti hiyo kwenye loketa.

Timu zinazozungumza Kiswahili zina mtego wao wa pekee hapa. Namba 12 ya loketa ni juu na 6 ni chini. Mshika loketa akipaza sauti "saa sita", opareta mmoja ataelewa 6, mwingine atafikiria saa sita ya mchana, yaani 12. Tofauti ya namna tunavyohesabu saa ni sita kamili, kwa hiyo kosa haliwi dogo: bapa linakwenda kinyume kabisa, chini badala ya juu, pengine kwenye bomba la watu. Kubalianeni kabla ya kuanza kutaja "juu", "chini", "kulia", "kushoto", na pale katikati taja "namba", kamwe si "saa".

Jaribio la kwanza: sukuma mita 3 bila kuzungusha, bapa likiwa juu. Mwinamo unapaswa kupanda kwa asilimia kadhaa. Ukipanda kwa 0 au 1 tu, rudi nyuma uangalie mshazari na nafasi ya shimo. Usilazimishe. Kiwango cha juu cha mkunjo kimo kwenye kitabu cha mabomba ya kuchimbia, na kukipita ni kuvunja mabomba.

## Hatua ya 9: Tope ni sehemu ya bapa

Bapa zuri kwenye tope baya huisha haraka, kwa sababu mchanga usiobebwa unasagwa tena na tena mbele ya pua. Pima maji kwanza. Maji ya visima vya pwani vilivyo kwenye mawe ya matumbawe yana kalsiamu nyingi, na mara nyingi chumvi, na bentonaiti haivimbi humo. Weka magadi soda (kabonati ya sodiamu, si ile ya kuokea) kilo 0.5 hadi 1 kwa kila mita ya ujazo hadi pH ifike 8.5 hadi 9.5. Magadi hayaondoi chumvi. Maji yakiwa ya chumvi, leta mengine.

Kwa mchanga, anza na kilo 30 hadi 40 za bentonaiti kwa mita ya ujazo. Kwenye faneli ya Marsh, inayopima mnato wa tope kwa muda linaochukua kupita, maji matupu hupita kwa sekunde 26. Tope lako lifike sekunde 45 hadi 60. Kwa mfinyanzi punguza bentonaiti na uongeze polima.

Dalili njema ni tope linalorudi bila kukatika, limebeba mchanga. Tope likiacha kurudi, simamisha kusukuma.

## Hatua ya 10: Pima kila baada ya kuvuka

Osha bapa, pima upana kwenye kona kwa vernia, na uandike. Kila kona ikipoteza mm 5, mduara wa mm 110 umekuwa mm 100, na nafasi kuzunguka hausingi imebaki mm 5.5. Hapo ndipo pa kulitengeneza upya, hata kama kwa macho bado linapendeza. Vilevile ukiona chuma cha bamba kimechungulia chini ya ngozi: kuanzia hapo linalika kwa kasi tofauti kabisa.

Kabla ya kuweka ngozi mpya, toa kabidi zilizobaki kwa moto, saga ngozi ya zamani yote hadi tabaka la kati, kisha rudia kuanzia hatua ya 4. Kuchomelea juu ya ngozi iliyochoka ni kubandika juu ya kitu kinachong'oka.

Kila mara bapa likiwa tupu, pulizia rangi ya kuonyesha nyufa kuzunguka matundu ya bolti. Ufa ulioishia ndani ya ngozi hauna neno. Ufa uliofika kwenye tundu haurekebishwi: likate bapa vipande viwili kwa grenda, asije mtu akaliokota kwenye rundo la vyuma chakavu na kulifunga tena.